Majani Mekundu Aliyoagiza Bibi

Sauti ya viti vya plastiki vikiburutwa kwenye vigae hunikosesha raha mpaka leo. Hoteli ninayofanyia kazi hapa Al Garhoud, Dubai, ina kibaraza nyuma ya jiko ambapo sisi wafanyakazi hula chakula cha mchana, na mtu akivuta kiti bila kukinyanyua, mimi huacha kutafuna nikamgeukia kama aliyenikanyaga. Wenzangu wamenizoea. Hunitania kwamba nina jini wa viti, na Mkenya mmoja wa mapokezi huvuta chake makusudi ili anione nikikunja uso. Sijawahi kuwaeleza kisa chenyewe, maana si kisa cha kusimulia mbele ya sahani ya wali. Sauti hiyo iliniingia nikiwa na miaka kumi na mmoja, katika fleti yetu ya Al Mankhool, mwezi wa Novemba, wiki ambayo mama yangu alikuwa Osaka, Ujapani, kwenye safari ya kutazama majani.

Majani, ndiyo, hayo hayo ya mti. Madam aliyemwajiri mama kulea watoto wake wawili alikuwa mwanamke mwenye kupenda safari, na mwaka huo alipania kuiona miti ya Ujapani inavyogeuka rangi kabla ya baridi kuingia. Watoto wake hawakuwa wakila wala kulala bila mama yangu, basi mama akakatiwa tiketi, akanunuliwa koti zito la rangi ya maji ya kunde, na pasipoti yake, ambayo siku zote ilikaa kwenye droo ya sir, mume wa madam, ikahamia kwenye mkoba wa sir. Mimi nilikulia Dubai, mahali ambapo mti wa barabarani ukianza kunyauka hung'olewa na kesho yake unakuta mwingine umesimama palepale. Sikuelewa mtu anapandaje ndege kwenda kutazama miti ikikauka. Baba, aliyekuwa mpokea mizigo kwenye hoteli moja ya Al Rigga na aliyekwisha kubeba masanduku ya watu wa kila taifa, naye hakuelewa. Alicheka akasema hao wamemaliza kutazama vyote duniani, sasa wameanza majani.

Aliyelishughulikia jambo hilo kwa uzito wake ni bibi, mama yake mama, kule kwetu Upare. Bibi alikuwa mkulima wa kahawa, na kwake jani lililobadilika rangi lilikuwa na maana moja tu, kwamba ugonjwa wa kutu umeingia shambani na usipowahi utapoteza mibuni yote. Mama alipompigia simu kumuaga, bibi aliuliza kama hiyo miti ya Ujapani ina ugonjwa. Mama akamwambia haina, inalala tu, halafu inachipua tena. Bibi akauliza nani kasema. Mama akajibu kasema madam. "Huyo madam analima nini?" bibi akauliza, na mimi na baba tulicheka mpaka mama akatufanyia ishara tunyamaze. Mwishoni bibi alisema hawezi kuamini maneno ya simu, aletewe hayo majani mekundu ayashike mwenyewe, ayanuse, ndipo atakubali kwamba mti mzima unaweza kuwa vile na usife. Alizungumza kwa kusitasita, akipumzika katikati ya sentensi. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ametoka hospitali, moyo wake umechoka na miguu imevimba, na mjomba Mbonea, mdogo wake mama aliyekaa naye pale nyumbani, alikuwa amehamishia kitanda chake sebuleni ili awe karibu na watu.

Jioni ya siku ya mwisho kabla ya safari, mama aliniita chumbani. Chumba chetu kilikuwa kimoja, chote cha familia, ndani ya fleti ya vyumba viwili. Kingine alikaa Auntie Harriet, Mganda aliyefanya kazi ya ulinzi, pamoja na mwenzake, na sebule ilikuwa ya wote. Mama alikuwa anakunja nguo za watoto wa madam, zile za baridi, ndogondogo, nzito kuliko nguo zetu zote. Alinikalisha juu ya kitanda. "Namkunda," aliniambia, "bibi yako hajapona. Baba yako atanificha. Mjomba wako atanificha. Nawajua, wananipenda kwa kunificha. Wewe hujui kuficha. Bibi akizidiwa, nikikuuliza, uniambie ukweli hata kama wamekukataza. Umesikia?" Nilisema nimesikia. Alinitaka nirudie, nikarudia. Kisha akanipa pipi iliyotoka kwenye mfuko wa watoto wa madam, jambo ambalo hakuwa akilifanya kamwe, na ndiyo maana nilijua kwamba mambo ni makubwa.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa za raha tupu. Mama alitupigia kwa video kila tulipotoka shule na kazini, kwa kile kiprogramu cha simu ambacho serikali ya Dubai ilikuwa haijakizuia bado, na uso wake ulijaa kioo chote. Alisema Osaka ni mji wa watu wengi wasiogombana. Alisema kuna barabara moja pana, ya magari, iliyopandwa miti ya manjano mwanzo hadi mwisho, na kuna wazee wenye glavu nyeupe wanaofagia majani yake na kuyatia kwenye mifuko, na wakimaliza upande huu upande ule umeshajaa tena, nao wanaanza upya bila kunung'unika. Alisema miti hiyo mizuri hivyo huangusha matunda yanayonuka kama nepi ya mtoto, na kwamba mtoto mdogo wa madam alikanyaga moja na hoteli nzima ikajua. Tulikuwa tunacheka sana. Kila simu ilikwisha kwa swali lile lile, akiniuliza mimi na si baba: bibi anaendeleaje? Nami nilimjibu ukweli, kwa kuwa siku hizo ukweli ulikuwa mzuri, kwamba bibi amekunywa uji, bibi ameota jua, bibi ameulizia majani yake.

Jumatano nilirudi shule nikamkuta baba nyumbani, ameketi kitandani na sare ya kazi, saa ambayo alipaswa kuwa Al Rigga. Auntie Harriet alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Baba alinivua begi mwenyewe. Aliniambia bibi ametutoka, asubuhi ile, akiwa sebuleni, mjomba Mbonea akimlisha. Nililia kwanza kwa sababu baba alikuwa analia. Nilipotulia kidogo nilisema tumpigie mama. Baba akatikisa kichwa. Alinishika mabega na kuniambia mama asijue mpaka arudi, Jumatano ya wiki ijayo. Kwamba ndivyo mjomba na wazee walivyosema, mtu aliye safarini hapewi msiba njiani, anangojewa aingie ndani, akae, anywe maji, ndipo aambiwe. Na kwamba mama akijua huko ataangua kilio mbele ya watoto wa watu, madam atakasirika, pasipoti iko kwa sir, mkataba unakwisha Januari na hakuna ajuaye kama utafanywa upya. "Tukikosa hiyo kazi yake, wewe shule basi," alisema. Nilimwambia kwamba nilimwahidi mama. Baba aliniachia mabega. Halafu akasema hiyo ahadi nimwachie yeye, ataibeba yeye. Nilikuwa mtoto, nikaamini ahadi inaweza kubebwa na mtu mwingine.

Kesho yake Alhamisi mama alipiga. Baba alikuwa amenifundisha. Mama akiuliza, niseme bibi anaendelea vizuri, na akianza kudadisi, niseme mtandao mbovu nikate. Nilijizoeza mbele ya kioo cha bafuni mpaka maneno yakanitoka bila kukwama. Mama alionekana amechoka, kofia ya sufu imemshuka mpaka kwenye nyusi. Aliuliza. Nikajibu, "Anaendelea vizuri, mama," na nilishangaa jinsi lilivyokuwa jambo jepesi. Nilitegemea sauti yangu itatetemeka, au kwamba mama, aliyekuwa na kipaji cha kujua nimekula sukari kwa kunitazama tu, angenigundua. Hakunigundua. Alisema ashukuriwe Mungu, na uso wake ukalegea kwa furaha, nami nikamchukia baba kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilijichukia pia, lakini hilo lilichukua muda zaidi kulijua.

Ijumaa, siku ya mapumziko, ndipo watu walipokuja kutupa pole. Baba alishuka kwenye mkahawa wa Wahindi wa Malabari chini ya jengo akaazima viti vya plastiki, vyeupe, akavipandisha vinne vinne kwa lifti. Tulisogeza kochi, tukalaza godoro sebuleni, na viti vikapangwa kuzunguka kuta, vikilia kwenye vigae kila kimoja kwa sauti yake. Walikuja Watanzania tuliosali nao, akaja pia bosi mmoja wa zamani wa baba, wakaja marafiki wa mama wanaofanya kazi za ndani ambao madam zao waliwaruhusu saa mbili tu. Wanawake walijifunga kanga juu ya magauni yao ya kanisani. Waliimba nyimbo za maombolezo kwa sauti ya chini sana, karibu na kunong'ona, ili natuur, yaani mlinzi wa jengo, asije kugonga mlango. Nilikuwa nimehudhuria misiba miwili huko nyumbani, watu wanalia mpaka majirani wa bonde la pili wanasikia. Huu wa Dubai ulikuwa msiba wa kuazima kama viti vyake. Auntie Harriet, ambaye alikuwa na zamu mchana, alikaa karibu na mlango na sare yake ya ulinzi, akinimiminia chai kila nilipomaliza.

Simu ikaita katikati ya wimbo. Ilikuwa saa nne asubuhi kwetu, alasiri kule Osaka, saa ambayo mama hakuwa akipiga. Baba aliinyanyua, akaona jina, akanyoosha mkono juu. Watu kumi na wanane walinyamaza mara moja. Sijawahi tena kusikia ukimya wa namna ile. Baba aliniburuta hadi pembeni ya friji, akanigeuza mgongo wangu uelekee pazia, akanifuta machozi kwa kiganja chake, kiganja kigumu cha kubebea masanduku, na kunikabidhi simu. "Yalla, mtoto, cheka kidogo," Auntie Harriet alininong'oneza. "Kazi ya leo tu." Mwanamke mmoja aliyekuwa na kikohozi aliuma pindo la kanga yake. Nikabonyeza.

Mama alikuwa amesimama kwenye wekundu. Sina neno lingine. Madam alikuwa amewapeleka nje kidogo ya mji, kwenye bonde lenye mto, na miti ilikuwa imefunika pande zote mbili za njia, myekundu, mingine ya rangi ya machungwa yaliyoiva sana, na mwanga wa jua ulipita ndani ya majani hata uso wa mama nao ukawa mwekundu. "Umeona?" alisema. "Namkunda, umeona? Ngoja nizungushe." Akaizungusha simu yake, polepole, ili nisikose kitu: miti, daraja, mto, watu waliovaa vizuri wakipigana picha, watoto wa madam wakirusha majani juu, na juu kabisa kipande cha anga. Alinionyesha kila kilichomzunguka. Mimi niliishika yangu kwa mikono yote miwili, nimekaza viwiko mbavuni, isije ikasogea hata kidole kimoja ikaonyesha goti la mtu aliyeketi hatua moja kutoka kwangu.

Akauliza mbona kumetulia hivyo leo Ijumaa. Nikasema baba amelala. Baba alikuwa amesimama mbele yangu, ananitazama machoni. Akauliza mbona nimevaa nguo ya kanisani. Nikasema tunaenda kanisani. Ndipo akauliza bibi, nami nikasema anaendelea vizuri, na yeye akainama akaokota jani, akalisogeza karibu na kamera, jani dogo lenye vidole kama kiganja cha mtoto. Alisema amekwisha kuokota kumi na moja, yamelazwa ndani ya kitabu cha kuchorea cha mtoto wa madam, na kila moja amelichagua lisiwe na doa, ili bibi asipate la kusema kuhusu kutu. Kisha akasema pale njiani kuna vibanda ambavyo wanayachovya majani yale kwenye unga, wanayakaanga, na watu wanakula. "Wanakaanga majani kama maandazi, Namkunda. Nimeonja. Mwambie bibi yako mwanawe amekula mti." Akatafuna moja mbele yangu, likakatika kwa mlio, vipande vikamwangukia kwenye koti, na akafanya uso ule aliokuwa akiufanya nilipokuwa mdogo ili kunilisha mlenda. Nikacheka. Sikuigiza. Kwa muda mfupi nilisahau kabisa chumba, viti, godoro, nikacheka kwa sauti, na mama akacheka, na sauti zetu zilijaa sebule ile iliyojaa waombolezaji. "Nitamwambia," nilisema. Kisha nikasema mtandao mbovu, nikakata.

Hakuna aliyenigombeza. Mtu mmoja hata alinisifu, kwamba mtoto huyu ana akili ya kikubwa. Mwanamke mwenye kikohozi alikohoa mpaka akaletewa maji. Baada ya hapo waliendelea na wimbo kutoka ule ubeti walipoachia, nami nikaenda bafuni nikakaa ukingoni mwa beseni mpaka wakaondoka. Nilihesabu siku. Kule Upare mazishi yalipangwa Jumanne, kwa sababu walikuwa wanamngoja binti wa dada yake bibi atokee Mwanza kwa basi, na mwingine atokee Mbeya. Waliwangoja hao wote. Kutoka Osaka mtu anaweza kufika Dubai usiku mmoja, na kutoka Dubai hadi Kilimanjaro si safari ya kutisha. Nililijua hilo kwa kuwa tulishalifanya wenyewe. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, mama alipiga, na kila siku nilikuwa na maneno mdomoni, na kila siku nilisema anaendelea vizuri. Jumanne walimzika. Mjomba Mbonea alimtumia baba picha ya jeneza, na baba aliifuta baada ya kuitazama ili mama asije akaikuta.

Mama aliingia Jumatano jioni akiwa na lile koti mkononi. Alikuwa amenenepa uso kwa furaha. Kabla hata ya kuvua viatu alitoa kifurushi kilichofungwa kwa karatasi laini ya hoteli, akakiweka mezani, akasema mtu asikiguse, ni cha bibi. Baba akamwambia, "Mama Namkunda, kaa kwanza. Kunywa maji." Nilimwona mama akiutazama mkono wa baba wenye kikombe. Alikuwa amelelewa ndani ya desturi ile ile, alishawahi kuwapokea wengine kwa kikombe kama kile. Hakukipokea. Aliuliza lini. Baba akasema Jumatano iliyopita. Akauliza amezikwa lini. Baba akasema jana. Nilidhani atapiga kelele. Aligeuka tu akanitafuta mimi, nilipokuwa nimesimama, pale pale pembeni ya friji. "Ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. "Na siku ile ya miti, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. "Ukacheka," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayejisomea jambo ili alielewe. Ndipo akakaa chini, kwenye vigae, mgongo ukutani, akalia kwa sauti yake yote, na natuur hakuja.

Kesho yake alikwenda kazini, masanduku ya madam yalikuwa yanangoja kufunguliwa. Madam alipomwona macho akamwuliza, akamweleza. Jioni mama alituambia alichojibiwa, akiwa anakata vitunguu, bila kutuangalia. Madam alilia. Alimwambia mbona watu wako hawakunipigia simu, ningekupandisha ndege siku ile ile. Baba alisema hao husema hivyo mambo yakishapita. Huenda ni kweli. Madam simjui vya kutosha kumtetea, lakini najua kwamba katika siku zile zote, sisi tuliomwogopa, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza. Tulimjibia wenyewe.

Mama hakunipiga wala hakuninyima kitu. Alichonifanyia ni kwamba hakunipa tena ujumbe wa kumfikishia mtu, hata wa kumwambia baba chumvi imekwisha. Majani yalikaa juu ya kabati mwaka mzima na zaidi, mpaka alipopata likizo akaenda nyumbani nayo. Mjomba alinisimulia kwamba alichimba kishimo kwa mkono kando ya kaburi, akayafukia yote kumi, akakaa pale mpaka jua likamchoma. Mjomba alisema kumi, na mimi nilinyamaza, kwa sababu la kumi na moja nililiiba siku ile ile aliyorudi, baba na watu wa fleti wakiwa wamemzunguka. Liko ndani ya kitambulisho changu cha kazi, nyuma ya picha, na limekuwa la kahawia. Na tangu safari ile mama akawa na neno lake moja kwenye simu, kwa kila mtu, awe mjomba, awe dada zake, niwe mimi nikiwa shuleni: "Zungusha simu nione." Alitaka kuona chumba chote, kona kwa kona, nyuma ya pazia na nyuma ya mlango. Watu wa fleti walimwita askari wa mpakani. Alicheka nao, lakini hakukata simu mpaka umezungusha.

Wazazi wangu walirudi Upare miaka mitano iliyopita, mimi nikabaki kuanza kazi. Mama alikuwa na presha na sukari, akafuga kuku, akaifufua ile kahawa. Kila jioni nilizungusha simu yangu akaona chumba changu cha Al Garhoud, kitanda cha juu, sufuria, viatu, na yeye akazungusha yake nikaona kuku. Mwezi huu wa Novemba, Jumatatu, simu yake ilipokelewa na baba. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia. Alisema mama amepumzika. Jumanne mchana akapokea tena baba, akasema mama ameenda kusali, anaendelea vizuri. Nilikuwa kibarazani nyuma ya jiko, sahani mapajani. Uso wa baba ulikuwa karibu mno na kamera, na nyuma yake palikuwa na pazia. Nikamwambia, "Baba, zungusha simu nione." Akatazama pembeni. Akasema, "Mtandao mbovu mwanangu." Na kabla hajakata nikasikia, nyuma ya lile pazia, viti vya plastiki vikiburutwa sakafuni, kimoja, kingine, kingine, watu wakiketi.

Sikumpigia tena. Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja wangu, nikamwambia mama yangu amefariki na nataka kuondoka leo, nami nilikuwa nimejiandaa kubishana naye, kumbe alisema neno moja tu, "Khalas, nenda," na akatia saini. Alhamisi asubuhi nilishuka kwenye gari chini ya mlima nikapanda kwa miguu. Baba alikuwa getini. Mtu alikuwa amemwambia ameniona njiani, na alikuwa amekwisha kuchota maji. Amezeeka, kikombe amekishika kwa mikono miwili. "Karibu, mwanangu," aliniambia. "Kaa kwanza. Kunywa." Nikamwambia, "Najua, baba. Nimekuja kumzika." Alibaki amesimama na kile kikombe, na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja nilimwonea huruma kuliko hasira. "Bado hatujamzika," alisema kwa sauti ndogo. "Ni Jumamosi." Mama yangu alimkosa mama yake kwa siku moja. Mimi niliwahi kwa siku mbili. Nikapokea maji nikayanywa, nikaingia uani ambako watu walikuwa wameketi, nikavuta kiti.